Ampu ya vali chumbani: mwongozo kamili wa kutumia atenyueta

Ampu yangu ni Fender Deluxe Reverb: wati 22, spika moja ya inchi 12. Kwenye karatasi ni ampu ndogo. Kwenye chumba na sebule ya kupanga, ghorofa ya pili, ni balaa. Voliumu ikifika 3 vikombe vya kabatini vinaanza kuitikia, na hapo ampu yenyewe bado imelala. Utamu wake uko kati ya 5 na 6: ukichapa nyuzi inakwaruza, ukipapasa inarudi kuwa safi kama kengele, na hujagusa kitu zaidi ya mkono wako. Siku ya kwanza niliyoifikisha 6, mama wa ghorofa ya chini alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo redio yako spika imepasuka?"

Ningemwelezaje kwamba huo mpasuko ndio nilioutolea pesa?

Tangu siku ile nimetumia atenyueta tatu tofauti, yaani visanduku vya kupunguza nguvu ya ampu kabla haijafika kwenye spika; moja ikaishia kutoa moshi, na hadithi yake inakuja. Niseme mapema ninachoamini: wengi wanaonunua kidude hiki hawakihitaji, na wengi wanaokihitaji hukikaba mpaka mwisho halafu wakalalamika kwamba kimeua sauti.

Kidude chenyewe kinafanya nini

Ampu ya vali, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista, ina sehemu mbili kubwa. Mwanzoni kuna vali ndogo, mara nyingi 12AX7, zinazoikuza ishara dhaifu ya gitaa. Mwishoni kuna vali kubwa, 6V6 au 6L6 kwa Fender nyingi, EL34 kwa Marshall nyingi, EL84 kwa Vox, ambazo husukuma spika kupitia transfoma ya kutolea sauti. Katika ampu za mtindo wa zamani, zisizo na masta voliumu (nobu ya pili, ya kushusha sauti ya mwisho), sehemu kubwa ya utamu hupatikana pale vali kubwa zinapoishiwa pumzi. Na vali kubwa haziishiwi pumzi mpaka zifanye kazi karibu na mwisho wa nguvu zake.

Ampu hizi hazikutengenezewa chumba cha kulala. Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ala za muziki magharibi mwa London, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuifuata Fender Bassman ya Marekani. Kufikia 1965 alikuwa akitengeneza ampu za wati 100, kwa sababu wanamuziki kama wale wa bendi ya roki ya The Who walitaka kusikika ukumbini wakati ambapo vipaza sauti vya jukwaani vilitosha kubeba sauti za waimbaji tu. Gitaa lilijitegemea. Masta voliumu, inayokuwezesha kuzikoroga vali ndogo huku vali kubwa zikiwa zimetulia, ilikuja kwenye Marshall ya 2203 mwaka 1975.

Atenyueta hupita njia nyingine. Ni sanduku linalokaa kati ya ampu na spika. Ampu inafunguliwa mpaka pale inaponoga, sanduku linakula sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, spika inapata makombo. Mmoja wa waliokifanya kidude hiki kijulikane ni Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyesoma MIT, kwa sanduku lake lililoitwa Power Soak.

Hatua ya 1: jua mkwaruzo wako unatoka wapi

Kabla ya kutoa hata senti, fanya jaribio hili. Kama ampu yako ina gain (nobu ya kuzikoroga vali ndogo) na masta, weka gain 7 na masta chini kabisa, kiasi cha kuongea na mtu bila kupaza sauti. Piga dakika kumi. Halafu tafuta mchana ambao majirani wako kazini, shusha gain hadi 3, pandisha masta mpaka juu, piga tena kitu kilekile.

Ukiona ile ya kwanza ndiyo sauti unayoitaka, mkwaruzo wako unatoka kwenye vali ndogo. Ampu nyingi za kisasa za muziki wa metali ziko hivyo. Atenyueta haitakuongezea kitu cha maana. Pesa yako ipeleke kwenye spika nzuri au pedali. Kama ile ya pili ndiyo iliyokusisimua, ukasikia sauti inanyumbuka chini ya vidole, basi unazitaka vali kubwa zifanye kazi, na hapo endelea kusoma. Na kama ampu yako haina masta kabisa, kama yangu, au kama Marshall za mtindo wa Super Lead, hakuna haja ya jaribio.

Ampu za transista hazihusiki na habari hii. Zikizidiwa hazitoi utamu, na baadhi hazikubali kuungwa na atenyueta. Ziache zilivyo.

Hatua ya 2: piga hesabu, usikisie

Hapa ndipo watu hudanganyika. Mtu anasema: "Nitauza ampu ya wati 100 ninunue ya 50, itapungua kelele nusu." Haipungui nusu. Kupunguza wati kwa nusu ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona kidogo. Ili sikio lisikie kama kelele imepungua nusu, unahitaji takribani desibeli 10, yaani ugawe wati kwa 10. Kwa maneno mengine, ampu ya wati 10 husikika kama nusu ya ile ya wati 100.

Sasa chukua spika ya gitaa ya inchi 12. Nyingi hutoa kati ya desibeli 97 na 100 zikipewa wati 1 na ukasimama mita 1. Tuseme 98. Ampu yangu ikitoa wati 22, hiyo ni kama desibeli 111, kelele ya kumtoa mtoto usingizini nyumba ya tatu. Nikipunguza desibeli 10, zinafika kwenye spika wati 2.2, na bado ni 101. Nikipunguza 20, zinabaki wati 0.22, na nasikia kama 91. Nikipunguza 30, ni wati 0.022, na sauti ni kama 81. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni takribani 60.

Rudia kuisoma aya hiyo. Wati 0.22, ambazo hata balbu ya tochi zingeiwasha kwa shida, bado zinatoa kelele ya desibeli 91. Kwa hiyo ukiwa na ampu ya wati 22 na unataka kupiga mchana bila ugomvi, unahitaji kupunguza kati ya 16 na 24. Kwa ampu ya wati 50 ongeza kama 4 juu ya hapo, kwa ya wati 100 kama 7. Saa nne usiku ni habari nyingine, nitaifikia.

Hatua ya 3: chagua aina

Kuna aina tatu, na bei zake zinapishana sana.

Ya kwanza ni ya rezista tupu. Ndani kuna rezista kubwa zinazochemka, basi. Ni nafuu, ni imara, na kwa kupunguza kidogo, desibeli 6 hadi 10, wengi hawatasikia kasoro. Shida ni kwamba spika halisi haifanani na rezista. Spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haina omu 8 kila wakati: kwenye noti za chini kuna mahali inapotetemeka kwa asili yake na ukinzani unapanda mara kadhaa, na ukienda kwenye noti kali unapanda tena kwa sababu ya koili. Vali huhisi mabadiliko hayo na kuyajibu. Ukiziwekea rezista tupu zinajibu kwa ukavu, na kadiri unavyokaba ndivyo besi na ukali vinavyopotea.

Ya pili ina koili na kapasita ndani za kuigiza tabia hiyo ya spika. Kampuni ya Weber ilifika mbali zaidi: sanduku lao la Mass lina mota halisi ya spika isiyo na karatasi (ile koni inayosukuma hewa), inacheza ndani bila kutoa sauti. Aina hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayepiga kila siku. Two Notes Captor iko kundi hili. Inapunguza desibeli 20 moja kwa moja, bila nobu ya kupandisha na kushusha upande wa spika, na pia ina njia ya kutolea sauti kwenda kurekodi.

Ya tatu hula nguvu yote ya ampu yako, kisha inaikuza upya kwa ampu yake ya ndani. Fryette Power Station hutumia vali kwa kazi hiyo, Boss Waza Tube Amp Expander hutumia transista. Hizi hushuka mpaka mnong'ono bila kubadilisha tabia ya ampu, na zinaweza hata kuikuza ampu ndogo iwe kubwa. Ni ghali. Kwa bei ya baadhi yake unanunua ampu nyingine nzima.

Ukishachagua aina, angalia vitu viwili tu. Kwanza wati: chukua sanduku linalohimili angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye ampu. Namba ile ya 22 au 50 ni ya sauti safi. Vali zikikorogwa hutoa zaidi ya hapo. Pili omu, na hiyo ina hatua yake.

Hadithi ya moshi ni hii. Kabla sijanunua kitu cha maana, nilimpa fundi mmoja kazi ya kunitengenezea sanduku. Alikuwa fundi mzuri wa redio na televisheni, mwenye mkono safi wa kuchomelea. Alitumia rezista za wati 10, mbili, ndani ya kopo la bati lisilo na tundu hata moja. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia harufu ya rangi inayoungua, kisha sauti ikakatika ghafla. Rezista ilikuwa imekatika ndani, na ampu ikawa inasukuma bila kitu mbele yake. Nilikuwa karibu na swichi. Transfoma ilipona, lakini ni kwa bahati.

Hatua ya 4: linganisha omu

Kanuni ni fupi: omu za ampu, omu za atenyueta na omu za spika zilingane. Ampu ikiwa 8, sanduku 8, spika 8. Baadhi ya sanduku, kama THD Hot Plate, huuzwa kwa omu moja tu kila toleo, kwa hiyo ukinunua iliyotumika soma kibandiko kabla ya kusoma bei. Mengine yana swichi ya 4, 8 na 16.

Kama kabati lako la spika halina maandishi, chukua multimita, kile kipimio cha umeme, weka kwenye omu, pima kwenye ncha za waya wa spika bila kuunga ampu. Multimita itasoma chini kidogo ya namba ya jina: spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya omu 16 husoma kama 12 au 13, ya omu 4 husoma kama 3 na ushee. Kabati lenye spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba ni omu 4. Zikiungwa kwa mfuatano ni 16.

Zisipolingana kwa hatua moja, 8 kwa 16, ampu nyingi zitavumilia kwa muda, lakini usizoee, hasa kwa Marshall na hasa ukiwa umeifungua mpaka juu.

Hatua ya 5: unga, kwa mpangilio huu

Zima ampu na chomoa kwenye soketi ya ukutani. Hili usilifupishe.

Kwenye ampu kama yangu, yenye spika ndani ya sanduku lake, kuna waya uliotoka kwenye spika ukaishia kwenye jeki nyuma ya ampu. Uchomoe hapo. Uchomeke kwenye tundu la atenyueta la kwenda spika. Kisha chukua waya mwingine wa spika, utoke kwenye tundu la spika la ampu uende kwenye tundu la kuingilia la atenyueta. Sanduku liwe nje, chini au kando, lisikae ndani nyuma ya vali ambako kuna joto tayari.

Waya! Nimeona mtu akitumia waya wa gitaa kwa kazi hii kwa sababu jeki zinafanana. Zinafanana kwa nje tu. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na kinga. Ulitengenezwa kubeba ishara ndogo. Mkondo wa spika ukipita hapo unaweza kuuchemsha ukakatika au ukagusana. Waya wa spika una nyuzi mbili nene za shaba zilizo sawa. Ukiwa na shaka, fungua kifuniko cha jeki uangalie: ukiona nyavu ya shaba imezunguka uzi mmoja, huo si wa hapa. Ninafunga utepe mwekundu kwenye waya zangu za spika ili hata nikiwa na haraka nisikosee.

Sasa sababu ya hofu yote hii. Ampu ya vali haipaswi kuwashwa na kupigwa bila mzigo upande wa spika. Transfoma hutegemea mzigo huo. Usipokuwepo, volti ndani ya transfoma hupanda kupita kiasi, cheche zinaruka ndani ya koili au kwenye soketi za vali, na kinachoungua ni sehemu ghali kuliko zote. Fender za aina yangu zina ulinzi mdogo: tundu kuu la spika hujifunga lenyewe kwa kugusanisha ncha zake pale usipochomeka kitu, na kwa ampu ya vali ncha kugusana kwa muda mfupi ni afadhali kuliko kuwa wazi. Lakini angalia hapa: ukishachomeka waya unaoelekea kwenye atenyueta, ulinzi huo umeuondoa. Waya huo ukining'inia bila kufika popote, ampu iko uchi. Kwa hiyo waya wa kutoka kwenye ampu hukaguliwa mwisho, na kwa mkono, kwa kuusukuma mpaka usikie umejifunga.

Ukimaliza, fuata kwa kidole: ampu, waya, kuingia kwenye sanduku, kutoka kwenye sanduku, waya, spika. Ndipo urudishe plagi ukutani.

Hatua ya 6: tafuta mahali pake

Anza na atenyueta ikiwa kwenye upunguzaji wa wastani, tuseme desibeli 12, na voliumu ya ampu kwenye 2. Washa, iache dakika mbili vali zipate moto. Panda polepole: 3, 4, 5. Usiangalie namba sana, sikiliza mkono wako. Mahali pazuri ni pale ambapo ukipiga kwa nguvu sauti inajikunja na ukipiga kwa ulaini inajinyoosha. Ukipita hapo, kwenye ampu nyingi, huongezi utamu, unaongeza uji. Kwangu ni 5 na nusu. Sijawahi kuona sababu ya kufika 10.

Ukishapata mahali hapo, usiiguse tena voliumu ya ampu. Sauti ya chumba sasa irekebishe kwa atenyueta.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi hukosea, kurekebisha toni. Ukishusha sauti, besi na ukali vinaonekana kupotea hata kama sanduku ni zuri. Sehemu ya kosa ni ya sikio lako: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia noti za chini na za juu kwa udhaifu zaidi pale sauti inapokuwa ndogo. Sehemu nyingine ni ya spika, kwa sababu karatasi yake haisukumwi vya kutosha ili iongeze mkwaruzo wake. Na gitaa lenyewe halitetemeshwi tena na hewa ya chumba, kwa hiyo noti ndefu zinakufa mapema. Hakuna atenyueta inayorudisha hilo la mwisho.

Mtu akisikia besi imepotea, anakimbilia nobu ya besi kwenye ampu. Usifanye hivyo. Kwenye Deluxe Reverb nobu hiyo iko kabla ya vali kubwa. Ukizijaza besi wakati zimeshazidiwa, sauti inakuwa matope. Mimi naishusha hadi 3. Besi ninaidai kwenye chumba: ampu iwe chini sakafuni, mgongo karibu na ukuta, na chini yake kipande cha godoro la sponji ili mama wa chini asiletewe mtetemo moja kwa moja kwenye dari yake. Ukali nao uudai kwa kukaa usawa wa spika. Egemeza ampu nyuma kidogo ili uso wake uelekee sikioni, si magotini. Mabadiliko hayo mawili, ukuta na sikio, yamenifaa kuliko kubadilisha sanduku.

Reverb, yaani mwangwi wa ampu, ishushe pia. Kwenye ampu hii springi za reverb huingia kabla ya vali kubwa, kwa hiyo zinakorogwa pamoja na gitaa. Kilichokuwa kizuri kwenye 4 ampu ikiwa safi, kwenye mkorogo kinatosha 2.

Kuhusu usiku. Ukipunguza zaidi ya desibeli 24 au hivi kwa sanduku la rezista, sauti inayobaki ni kama redio iliyofunikwa blanketi. Acha kupigana nayo. Kama sanduku lako linaweza kubeba mzigo wote lenyewe, ondoa spika, tumia njia yake ya kurekodi, pitisha kwenye kompyuta, vaa hedifoni. Lakini sauti hiyo ikitoka mbichi ni kama nyuki ndani ya kopo, kwa sababu spika ya gitaa huchuja ukali mwingi na sasa haipo. Unahitaji programu ya kuigiza kabati la spika, au sanduku lenye uigizaji huo ndani. Na kamwe usichukue waya wa tundu la spika la ampu ukauchomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia. Utaua vyote viwili.

Hatua ya 7: joto, harufu na vali

Atenyueta inayofanya kazi huwa ya moto. Ikiwa ya moto kiasi cha mkono kuhimili sekunde chache, ni kawaida. Harufu ya rangi au plastiki si kawaida. Zima ampu kwanza, maswali baadaye. Iache ipumue pande zote. Najua desturi zetu za nyumbani: kila kifaa cha umeme kina kitambaa chake cha kufuma juu, na ukiwa haupo mtu atakionea huruma kisanduku chako akivalishe. Waambie wa nyumbani mapema.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: atenyueta hailindi vali. Kwa vali, umepiga ukumbini. Kila saa ya kupiga chumbani ikiwa 6 ni saa ya kazi nzito, na vali kubwa zitachoka mapema kuliko za mtu anayepiga kwenye 2. Dalili ni sauti kulegea, besi kukosa mkazo, au sauti kupanda na kushuka. Tazama nyuma ya ampu mara kwa mara kwenye giza kidogo. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ya vali ni wa kawaida. Sahani ya nje ndani ya kioo ikianza kuwa nyekundu kama mkaa, zima hapohapo. Weka jozi moja ya akiba na fyuzi mbili za namba sahihi. Kubadilisha vali za nguvu na kupima mkondo wake mpe fundi anayezijua ampu hizi: ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Umeme wa kwetu nao una neno. Ampu nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120. Kwenye soketi ya 230 zinaungua papo hapo. Tumia transfoma ya kushusha, na usichukue ile ndogo ya kuchajia vinyozi. Ampu ya wati 22 huvuta umeme mwingi zaidi ya wati 22, kwa hiyo chukua ya wati 500 upumzike. Umeme ukiwa unapanda na kushuka jioni, stabilaiza si anasa. Mtu akikwambia ushushe volti makusudi kama alivyofanya mpiga gitaa Eddie Van Halen kwa Variac (transfoma ya kupandisha na kushusha volti), mwambie kwamba Variac haipunguzi kelele kama atenyueta, na inashusha pia moto wa vali kwa namna ambayo si kila ampu inaipenda.

Ukimaliza kupiga, shusha voliumu ya gitaa, zima ampu, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse waya wa spika. Usichomoe atenyueta ampu ikiwa imewaka, hata kama ni kwa sekunde moja ya kulinganisha sauti. Nimebandika kipande cha utepe juu ya sanduku langu, kimeandikwa kwa kalamu: voliumu 5½, besi 3, trebo 6, reverb 2, punguza 20 mchana, hedifoni kuanzia saa tatu usiku.